Alitazamwa Kwanza, Kisha Akasikika

Kwa muda sasa albamu za Tommy Guerrero zimekuwa zikinisindikiza kila ninapoketi kuandika, na usiku wa leo nimeona niache kazi nyingine zote niandike juu ya mtunzi mwenyewe. Wapenzi wa skeitibodi, mchezo wa kuteleza juu ya ubao wenye magurudumu, wanamkumbuka kama kijana wa mitaa ya San Francisco aliyevuma katika miaka ya 1980, ilhali wapenzi wa muziki wa ala wanamjua kama mcharazaji gitaa asiye na haraka, na si ajabu kukuta watu wa upande mmoja hawana habari kabisa na upande wa pili. Kinachonishughulisha mimi ni jambo moja tu: mtu aliyekula jasho lake kwa kutazamwa aliwezaje kutunga muziki usioomba kutazamwa hata kidogo?

Guerrero alizaliwa San Francisco mwaka 1966, na alipokuwa akikua mchezo huu ulikuwa katika hali ngumu. Viwanja vingi vya skeitibodi nchini Marekani vilikuwa vimefungwa, hasa kwa sababu gharama za bima zilikuwa zimewashinda wenye viwanja. Waliobahatika walijijengea kuta za mbao zilizopinda nyuma ya nyumba, wakapanda na kushuka humo. Wasio na mbao wala ua walibaki na barabara, na barabara za San Francisco ni vilima vitupu. Mwaka 1983, kulipofanyika mashindano ya mtindo wa mtaani katika bustani ya Golden Gate, miongoni mwa ya kwanza kabisa ya aina hiyo, aliyeshinda ni Guerrero, kijana ambaye hakuwa na mfadhili yeyote. Baadaye Stacy Peralta, mmoja wa wenye kampuni ya mbao za skeitibodi ya Powell Peralta, alimwingiza katika Bones Brigade, kikosi cha wachezaji cha kampuni hiyo, akawa mtu wa mtaani katikati ya magwiji kama Tony Hawk, Steve Caballero, Lance Mountain na Mike McGill, ambao sifa zao zilitokana zaidi na kuta zile zilizopinda.

Anayetaka kumwelewa Guerrero mwanamuziki namshauri aanze na video ya Future Primitive ya mwaka 1985. Sehemu yake ni ya kijana mmoja anayeshuka mjini, basi. Anashuka kilima, anapinda kushoto na kulia ili kuupunguza mwendo, anaruka ukingo wa njia ya waenda kwa miguu, anaupanda ukuta kwa kitambo kidogo kisha anarudi chini bila kukatiza safari. Hakuna jukwaa wala mshangiliaji. Nimeitazama mara nyingi, na kila mara jicho langu linatua kwenye magoti yake, yanavyokunjuka na kukunjika kufuatana na barabara, na jinsi anavyoacha sehemu ndefu zipite bila kufanya lolote isipokuwa kuteleza. Mchezaji mwingine angezijaza sehemu hizo kwa mbinu, kwa kuogopa kwamba mtazamaji atachoka. Yeye aliziacha wazi, na ndizo zinazoifanya mbinu inayofuata ionekane na uzito wake.

Siku hizi mashindano ya mtaani, hata yale ya Olimpiki yaliyofanyika Tokyo mwaka 2021, huchezwa katika viwanja vilivyojengwa mahususi, vyenye ngazi na vyuma vilivyopimwa. Sina ugomvi na hilo, maana vijana wale wanafanya mambo ambayo mwaka 1985 hakuna aliyeyaota. Ila mtaa wa Guerrero haukujengwa kwa ajili ya mchezaji. Ulikuwa na nyufa, magari na mteremko usiobadilika kwa ajili ya yeyote, na kazi yake ilikuwa kuupokea ulivyo.

Katika miaka hiyo mchezaji wa kulipwa alipata fungu lake kwa kila ubao uliouzwa ukiwa na jina lake. Ubao wa Guerrero ulikuwa na picha ya jambia lenye ndimi za moto, na vijana ambao hawakuwahi kufika San Francisco waliibeba picha hiyo chini ya miguu yao. Kwa maneno mengine, sura yake, jina lake na mwili wake vyote vilikuwa sokoni. Mwaka 1990 aliondoka Powell Peralta pamoja na Jim Thiebaud, wakaanzisha Real Skateboards, chapa yao ya mbao za skeitibodi, chini ya kampuni ya Deluxe, hapo hapo San Francisco. Soko la skeitibodi lilikuwa linaporomoka wakati huo, na kuanzisha kampuni katika kipindi kama kile kulihitaji moyo.

Muziki ulikuwapo tangu zamani. Yeye na kaka yake Tony walikuwa katika bendi ya panki iliyoitwa Free Beer, yenye kelele na kasi kama zilivyokuwa bendi nyingi za vijana wa skeitibodi wa siku zile. Ndiyo maana albamu yake ya kwanza, Loose Grooves & Bastard Blues, iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1990, inashangaza kwa utulivu wake. Ilirekodiwa nyumbani, naye mwenyewe akishika ala nyingi kwa zamu. Kisha lebo ya Mo' Wax ya London ikamchukua, ikatoa A Little Bit of Somethin' mwaka 2000 na Soul Food Taqueria mwaka 2003.

Sikiliza jinsi anavyojenga. Kwanza besi inaingia na kifungu kifupi, labda noti nne au tano, na kifungu hicho hakitoki tena mpaka mwisho. Ngoma zinafuata kwa unyonge, mara nyingi mkono juu ya ngozi badala ya fimbo. Gitaa la ridhimu linagusa pembeni tu. Mahali ambapo msikilizaji anatarajia gitaa la solo lipande na kulia, linakuja na sentensi fupi ya noti chache, linanyamaza, halafu linarudia sentensi ile ile kwa kubadilisha neno moja. Ni kama mazungumzo ya mtu mzima anayejua kwamba hatakatizwa. Vidole vyake vinaweza zaidi ya hapo, lakini havitaki.

Ukiacha nyimbo chache alizowakaribisha waimbaji, hakuna sauti ya mtu. Nadhani hapa ndipo ninapopata jibu la swali langu. Mwimbaji huwa na uso hata kwenye kanda, kwa maana sauti ni sehemu ya mwili wake, na msikilizaji humtafuta. Muziki wa ala unampa mtunzi nafasi ya kuondoka mbele ya macho ya watu akaacha mwendo peke yake. Mwendo ule wa magoti kwenye kilima ndio ninaousikia kwenye besi, isipokuwa safari hii hakuna wa kumtazama wala ubao wa kuuza kwa jina lake.

Tena kuna suala la riziki, ambalo wasifu wa wasanii hulipita haraka. Guerrero hakuiacha skeitibodi ili awe mwanamuziki. Aliendelea na kazi Deluxe, kwa hiyo muziki haukulazimika kumlisha. Mtu ambaye kodi ya nyumba yake inategemea wimbo hushawishika kuongeza kiitikio, kuongeza kasi, kumtafuta mwimbaji anayevuma. Mtu mwenye kazi nyingine anaweza kuiacha besi izunguke dakika nne bila kumwomba mtu radhi. Naamini utulivu wa albamu zile una deni kubwa kwa kampuni ile ya mbao za skeitibodi kuliko tunavyokiri.

Wala hayuko peke yake. Ray Barbee, aliyefuata katika Bones Brigade na kupendwa kwa wepesi wake mtaani, naye hucharaza gitaa bila kuimba, tena kwa kuegemea jazi. Wawili hao wamepiga pamoja katika bendi ya BLKTOP Project, wakiwa na Chuck Treece na Matt Rodriguez, ambao nao ni watu wa skeitibodi. Ukiwasikiliza unasikia watu waliozoea kupishana barabarani: kila mmoja anamwachia mwenzake njia.

Kwa asiyemfahamu Guerrero, ningependekeza aanze na A Little Bit of Somethin', ambayo kwangu mimi bado ndiyo kazi yake iliyo kamili zaidi. Baada ya hapo aende kwenye No Man's Land ya mwaka 2012, ambako gitaa linakauka na nafasi baina ya noti zinapanuka, kisha Road to Knowhere ya mwaka 2018. Soul Food Taqueria aisikilize mwisho, ingawa ndiyo inayotajwa sana, kwa sababu ina mambo mengi na humpa mgeni picha ya mtu mchangamfu kuliko alivyo katika kazi zake nyingine.