Enna, jimbo lisilo na bahari

"Mjomba, koti umebeba?" mpwa wangu anayeishi Enna aliniuliza kwa simu usiku wa kuamkia safari. Nikamcheka. Koti la nini, wakati naenda Sisilia, kisiwa cha Italia ambacho ukitoka ncha yake ya magharibi unafika Tunisia kwa kilomita 150 hivi za maji? Nikatia shati nne za mikono mifupi na kandambili.

Ilikuwa Aprili 2024. Nilitua Catania mchana, jua zuri, nyuzi 24, Wataliano wamekaa nje wanakula aiskrimu. Nikajisemea, huyu mtoto ananitisha bure. Basi la Enna likakata uwanda wa Catania katikati ya mashamba ya machungwa, likaingia bonde la Dittaino penye ngano, halafu likaacha barabara kuu na kuanza kupanda. Kona baada ya kona. Sikio la kushoto likaziba. Kufika kona ya tano au ya sita, dirisha likawa jeupe, na dereva akawasha taa saa kumi alasiri.

Nilishuka natetemeka. Mpwa wangu alikuwa amenisubiri kituoni na koti mkononi, la kiume, ameliazima kwa jirani. "Shikamoo, Mjomba. Vaa kwanza, tutasalimiana nyumbani."

Kinachonitia aibu zaidi ni kwamba mimi ni mzaliwa wa Lushoto. Tangu utotoni nimepanda kutoka Mombo, watu wanajipepea kwa magazeti pale stendi, na kabla ya kufika juu kila mtu ameshajifunika kanga au sweta. Nilijua kabisa mlima unafanya nini. Lakini neno Mediterania lilikuwa limenijaa kichwani na picha za fukwe, nikasahau kwamba Sisilia ina majimbo tisa na moja tu, la Enna, ndilo lisilogusa bahari. Mji mkuu wake umekaa kwenye jabali, mita 931 juu ya usawa wa bahari, na hakuna mji mkuu wa jimbo Italia nzima ulio juu kuliko huo. Ukipanda mita elfu moja, hewa hupoa nyuzi sita na ushei. Ile hewa yenye unyevu inayotoka bahari ya Ionia ikigonga jabali hupanda, hupoa na kugeuka wingu. Kwa hiyo ukungu wa Enna ni wingu hasa, na watu wanaishi ndani yake, wananunua mkate ndani yake.

Kesho yake kulikuwa vilevile. Tuliambiwa ng'ambo ya bonde kuna mji mwingine, Calascibetta, tukaamini kama tunavyoamini mambo ya ghaibu. Siku ya tatu nilifungua dirisha saa kumi na mbili asubuhi na mji ule ulikuwa pale, umejipanga juu ya kilima chake, karibu kiasi kwamba nilihisi ningeweza kumwita mtu akaitika. Upande wa mashariki Etna, mlima wa volkeno, ilikuwa na theluji kileleni na moshi kidogo umelala upande mmoja. Kwa wenyeji ule moshi ni kipima upepo. Wanautazama kabla ya kuanika nguo.

Mwenye nyumba wa mpwa wangu ni bibi wa miaka sabini na kitu, mjane, ambaye hakuwahi kuniuliza lolote kuhusu Tanzania ila kama mvua tunapata. Asubuhi hiyo alitukatia jibini ya kwao, ya maziwa ya kondoo, njano kwa zafarani na ndani imepandwa punje nzima za pilipili manga. Nilipotamka "zafarani" akashangaa, maana kwao ni "zafferano". Sikuona ajabu. Waarabu waliishi pale, ngome wakaiita Qasr Yanna, neno lilelile tunaloliita kasri, na wenyeji wakalipotoa likawa Castrogiovanni hadi mwaka 1927 mji uliporudishiwa jina la kale.

Hata upepo una jina lenye harufu ya Kiarabu. Siku ya nne ulikuja scirocco, ambao wengi wanasema jina lake limetoka kwenye shina moja na mashariki yetu, ingawa upepo wenyewe unatoka Sahara, kusini. Nililala na blanketi mbili nikaamka natoka jasho. Anga ilikuwa rangi ya chai ya maziwa, jua linaonekana kama sarafu iliyochakaa. Nikapitisha kidole kwenye kioo cha gari, kikatoka na unga mwekundu laini kama poda ya hina. Bibi alifunga madirisha yote na kutembea na kitambaa kichwani. Watu walikuwa wakali dukani, na mpwa wangu akasema ndivyo wanavyokuwa siku za upepo ule, nao huusingizia kila kitu. Usiku upepo ukageuka, ukaja ule wa kaskazini, tramontana, joto likaporomoka, ikanyesha mvua ya dakika tano. Asubuhi kila gari lilikuwa na madoadoa ya matope. Ndiyo mvua pekee niliyoiona kwa siku tisa.

Hapo ndipo nilipoelewa swali la bibi. Kwetu joto na mvua ni ndugu, jua likipita utosini mvua hufuata. Kule hawaonani. Kiangazi, mgandamizo mkubwa wa hewa husogea kaskazini na kuyazuia mawingu ya Atlantiki, na miezi inaweza kupita bila tone. Mvua huja na baridi, kuanzia Oktoba hadi Machi. Majira hayo yakikosa, basi, maana hakuna vuli ya kuja kuziba pengo la masika. Na majira yaliyotangulia yalikuwa yamekosa. Ngano ya tambi hupandwa Novemba na kuvunwa Juni, kwa hiyo Aprili ingetakiwa kunifika kiunoni. Niliingia shambani kando ya barabara ikanifika chini ya goti, na shamba la pili walikuwa wameshafungulia kondoo.

Tulishuka pia hadi ziwa Pergusa. Halina mto unaoingia wala unaotoka, linategemea mvua na maji ya ardhini, na kwa sababu ambazo sitazielewa maishani wamelizungushia barabara ya mashindano ya magari ya karibu kilomita tano. Wagiriki walisimulia kwamba hapo ndipo Persefone alipotekwa na mungu wa kuzimu akiwa anachuma maua, na mama yake, Demeta, mwenye ngano zote, akaususia ulimwengu. Tangu hapo binti hupanda na kushuka, na kila mwaka anaporudi chini, ardhi inakufa. Wazungu wa kaskazini huwa wanasema hicho ni kipupwe. Mimi nilisimama pale, maji yamerudi nyuma yakaacha ukingo mpana wa matope yaliyopasuka, nikaona kama binti huyu yuko kuzimu basi ni Julai.

Maji ya bomba hayakuwa yakitoka kila siku. Jioni bibi alipanda ngazi hadi kwenye tangi la darini, akaligonga kwa kifundo cha kidole toka juu kushuka chini, akisikiliza kama mtu anayechagua tikiti maji. Sauti ilipobadilika alisimama, akatuonyesha kwa mkono maji yalipofika. Mimi, mtu wa Dar es Salaam ya sasa, sikuhitaji mkalimani.

Mei, siku chache baada ya kurudi kwangu, serikali ya Italia ilitangaza hali ya hatari kwa sababu ya ukame wa Sisilia. Julai mpwa wangu akanitumia picha ya Pergusa. Ile barabara ya magari ilikuwepo, imezunguka vizuri, katikati hamna ziwa. Nikampigia kuuliza habari za bibi.

"Mzima, Mjomba. Maji yametoka jana, tumejaza mpaka masufuria. Lile koti mwenyewe analidai, ulisahau kulivua uwanja wa ndege."