Dresa, Sista, Muuguzi: Siku Moja ya Mtafiti wa Historia ya Uuguzi

Saa 11 alfajiri niko macho Kimara, nikipitia maswali ya mahojiano ya mchana, kwa sababu mwendokasi ukishajaa hapasomeki kitu.

Saa 2 na nusu asubuhi naketi Nyaraka za Taifa, Upanga, nikiwa na kibali cha utafiti, penseli na majalada ya Idara ya Tiba ya enzi za Waingereza. Tasnifu yangu ya uzamivu inauliza namna uuguzi ulivyogeuka kuwa “kazi ya wanawake” Tanganyika, kwani haukuanza hivyo: kwa miongo kadhaa, Waafrika waliofunga vidonda, kugawa dawa na kukesha wodini walikuwa zaidi wanaume, wale madresa ambao wazee bado wanawataja. Asubuhi yote huishia kwenye orodha za mishahara na vyeo, karatasi kavu ambazo kwangu zina utamu kuliko hotuba za magavana, maana huko ndiko inakoonekana kazi ya nani ilihesabiwa kuwa ujuzi na ya nani ilihesabiwa kuwa huruma tu. Lugha yetu nayo ina ushahidi wake. Neno “muuguzi” halina jinsia, lakini mwanamume akiingia wodini na koti jeupe huitwa “dokta” papo hapo, na mwenzake wa kike mwenye cheti kilekile hubaki “sista”.

Saa 7 nakula wali maharage kwa mama lishe, kisha napanda daladala.

Saa 8 mchana niko Magomeni kwa mkunga mstaafu. Baada ya shikamoo na chai, ananieleza zahanati ya kijijini alikopangiwa miaka ya 1970, Serikali ilipoelekeza nguvu vijijini kufuatia Azimio la Arusha la 1967. Namuuliza kuhusu Azimio la Alma-Ata la 1978, ambalo vitabu vya afya ya msingi havikosi kulitaja. Anacheka. “Hilo nililisikia baadaye semina, mwanangu. Mimi nilikuwa na karabai na beseni.”

Saa 1 usiku nazungumza na msimamizi wangu kwa njia ya mtandao. Anataka sura hii ifike Geneva: Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2020 kwamba wauguzi tisa kati ya kumi duniani ni wanawake, na mwaka mmoja kabla lilikuwa limekiri kuwa uongozi wa sekta ya afya umeshikwa zaidi na wanaume. Nakubaliana naye, ila nasisitiza kwamba njia ya kufika huko ipitie kwenye lile beseni.

Saa 4 usiku nanukuu mahojiano. Nilipomuuliza bibi kama dresa waliyefanya naye kazi alilipwa zaidi yake, aliniomba nizime kinasa sauti, nami nikakizima; kwa hiyo mbele ya swali hilo daftari langu lina mstari mtupu.