“Subiri tu,” waliniambia

Kama ningelipwa kwa kila aliyeniambia “subiri tu”, ningeshanunua tangi la pili la samaki.

Nilianza vibaya kama wengi. Nilijaza tangi la lita 100, nikawasha filta, maji yakalala usiku mmoja, kesho yake nikatia samaki sita. Huo ndio ushauri niliopewa: yaache yapumzike siku moja. Kupumzika huko huondoa klorini kidogo, lakini hakuleti hata bakteria mmoja wa kula amonia, ile sumu inayotoka kwenye mavi na mashavu ya samaki. Siku ya tano walikuwa juu wakitweta, mashavu mekundu. Sitasimulia mazishi.

Mara ya pili nikaapa kutotia samaki mpaka filta iive, yaani iote bakteria wa kula amonia. Kwanza nilijaribu kamba mbichi ndani ya soksi, aoze atoe amonia. Alioza kweli. Maji yakageuka kama tui, sebule ikanuka, na amonia ikawa inapanda bila mpango. Nikatoa soksi, nikahamia amonia ya chupa, ile isiyo na sabuni wala manukato. Itikise kwanza: povu likikaa, irudishe dukani. Nikawa naongeza kwa matone mpaka kipimo kisome miligramu 2 kwa lita. Hita nikaiweka nyuzi 27.

Maji nilitumia ya mvua. Hapo nilijiona mjanja kuliko wote: hayana klorini, hayana gharama, safi kama machozi. Kumbukeni ujanja huu.

Wiki mbili za mwanzo amonia ilianza kushuka, nitriti (sumu ya pili, ambayo bakteria huigeuza amonia kuwa hiyo) ikapanda mpaka kipimo kikawa zambarau. Nilifurahi kama mtu aliyepata mtoto. Kila amonia ikiisha naongeza nyingine. Halafu, siku ya ishirini na kitu, kila kitu kikagoma. Amonia 2, leo 2, kesho 2, kesho kutwa 2. Nikauliza. Subiri tu. Mwingine akasema ninunue bakteria wa chupa, nikanunua, nikamwaga, amonia 2. Nikasubiri siku kumi nzima nikilitazama tangi tupu kama mlinzi wa ghala lisilo na mali.

Kilichoniokoa ni uvivu. Kipimo cha amonia kilikuwa kimebaki matone machache, nikaona nisikimalize, nikachukua chupa ya pH (kipimo cha asidi ya maji: namba ikishuka, asidi imezidi) iliyokuwa imelala sandukuni tangu nilivyonunua. Ikasoma 6, rangi ya mwisho kabisa upande wa chini, kwa hiyo huenda ilikuwa chini zaidi.

Basi nikaelewa. Bakteria wakigeuza amonia kuwa nitriti wanatoa asidi, na asidi hiyo inakula kabonati zilizomo majini, zile chumvi zinazozuia pH isianguke. Maji ya bomba kwa kawaida huwa na akiba ya kabonati. Yangu ya mvua karibu hayakuwa na kitu. Akiba ikaisha, pH ikaanguka, na pH ikikaribia 6 bakteria hawa karibu wanaacha kazi. Hawakufa, waligoma. Na mimi ndiye niliyekuwa nawanyima posho huku nikijisifu.

Nikakoroga vijiko viwili vya chai vya soda ya kuokea kwenye kikombe, nikamimina kurudisha akiba hiyo. Usiku huo nikabadilisha nusu ya maji, nikaweka ya bomba yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini. Siku ya tatu amonia 0.5. Siku ya tano sifuri, na nitriti nayo ikaanza kuporomoka. Msithubutu kuparamia pH hivyo kukiwa na samaki ndani: ikipanda ghafla, ile amonia isiyodhuru sana hugeuka sumu kali. Tangi langu lilikuwa tupu, sikuwa na wa kumwua.

Baada ya hapo nilitia miligramu 2 jioni, jioni ya pili amonia sifuri na nitriti sifuri. Nikarudia mara tatu kwa sababu siamini mtu tena. Nitrati, ambayo nitriti huishia kuwa, ilikuwa juu sana, nikatoa maji mengi, nikaweka mapya. (Chupa ya pili ya kipimo cha nitrati itikiseni mpaka mkono uchoke, la sivyo itawadanganya.)

Samaki wako sita tena. Sponji ya filta naikamulia kwenye ndoo ya maji ya tangi lenyewe, si bombani, klorini isiwaue bakteria. Jana mgeni alilitazama akaniuliza siri ni nini. Nikamwonyesha kopo la soda ya kuokea, akadhani namfanyia mzaha.