Kaka yangu hakufa vitani

Kwa karibu mwaka mzima, mtu akiniuliza kaka alifia wapi nilijibu "jeshini", kisha nikabadilisha mazungumzo. Nililiogopa swali la pili. Watu wakisikia kwamba lori lilipinduka usiku likiwarudisha askari kambini kutoka mazoezini, husema, "Aa, kumbe ni ajali." Hiyo "kumbe" iliniuma sana.

Alizikwa kwa heshima zote: bendera juu ya jeneza, risasi hewani, tarumbeta. Baadaye likaletwa sanduku la vitu vyake pamoja na orodha ya kutia saini: buti, bereti, redio ndogo, daftari. Nilisaini, nikalisukuma chini ya kitanda.

Kisha akaja koplo mmoja aliyekuwamo ndani ya lori lile, kumpa mama pole. Nilimwomba anisimulie siku ile tangu alfajiri, asianzie kwenye ajali. Sikusikia habari ya ushujaa. Kaka alikuwa sajenti. Alikagua silaha, akamkaripia kuruta aliyesahau chupa ya maji, halafu akampa yake. "Jioni afande alituhesabu mara mbili, dada," koplo aliniambia, "ndipo akapanda, wa mwisho." Usiku huo nililifungua sanduku. Kurasa za daftari zilijaa majina ya vijana wake, yenye alama pembeni.

Nikaanza kuwatafuta wenzake, na kila walichokumbuka nikakiandika kwenye kurasa zilizobaki.

Kuna jambo jingine lililonipa nguvu. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola huwaenzi wanajeshi waliofariki wakiwa katika utumishi kuanzia Agosti 4, 1914 hadi Agosti 31, 1921, hata kama waliuawa na maradhi au ajali. Aliyepigwa risasi na aliyezama mtoni, jiwe ni la namna moja. Nilipolisoma hilo nililia, maana mimi mwenyewe, kwa kunyamaza, nilikuwa nimemweka kaka safu ya nyuma.

Siku hizi nikiulizwa nasema yote: lori, usiku, mazoezi. Kila mwaka siku yake ikifika, mimi na mwanawe tunayapiga rangi yale mabuti. Mwaka huu aliniuliza, "Shangazi, baba alikuwa anafanya nini kabla hajafa?"

Nikamwambia alikuwa ametoka kuwahesabu watu wake, na wote walikuwepo.