Koo la Chozi

Mwanzoni chozi, yule ndege mdogo anayenyonya maua, alikuwa mweusi tititi. Kila alipotua kwenye maua ya shubiri nilibonyeza, na kila nilipokagua picha nilikuta giza lenye mdomo uliopinda. Mwenzangu, aliyeanza kupiga picha za ndege zamani kabla yangu, alisema tu, "Mngoje akutazame."

Tulikuwa tumejipanga kabla hakujapambazuka, jua litokee nyuma ya bega langu la kushoto ili kivuli changu kipite kando ya shubiri. Nilikaa chini kabisa, viwiko juu ya magoti, lenzi ya milimita 400, ya kuvuta vya mbali, ikiwa usawa wa maua. Ndege mdogo akipigwa picha kutoka juu huonekana mgongo tu. Ukishuka mpaka kimo chake ndipo unapomwona usoni. Hatukumfuata hata hatua moja. Shubiri ikichanua, chozi atarudi mwenyewe. Wapo wanaocheza sauti iliyorekodiwa ili asogee, nami sipendi: dume hudhani amevamiwa, akaacha kula atafute mgomvi ambaye hayupo.

Saa moja na ushee akatua kama mita tatu na nusu hivi kutoka nilipo. Akazamisha mdomo ndani ya ua, akauchomoa, akatugeukia. Koo lote likawaka kijani! Akageuka kidogo tu, likazimika. Kijani kile hakikupakwa kwenye manyoya. Ndani yake mna tabaka nyembamba mno zinazorudisha mwanga, na huurudisha kwa pembe maalumu. Jua likiwa nyuma yake au ubavuni, unabaki na weusi uleule.

Kwa umbali ule, hata kwa f/7.1, yaani tundu la lenzi likiwa limebanwa kiasi, sehemu inayotoka kali haizidi sana sentimita 3. Ndege mzima hawezi kuenea humo, kwa hiyo nililenga jicho, mkia ukajiendee. Shata, kilango kinachoingiza mwanga, niliiweka 1/2000 ya sekunde, maana chozi hata akitua kichwa hakitulii. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ikapanda hadi 1600, picha ikaingia chembechembe kidogo. Sikujali. Alipogeuka tena nilikuwa tayari: koo linawaka, nukta ya jua ndani ya jicho, na chavua ya njano imemganda juu ya mdomo, pale anapojisugua na ua kila akinywa.

Kisha akaja jike, kijivu, hana kinachowaka popote. Wingu jembamba lilikuwa limefunika jua, vivuli vikalainika, na manyoya ya kifua chake yakaonekana moja moja, pamoja na mstari hafifu juu ya jicho ambao jua kali lingeufuta. Nilimpiga bila haraka.

Kufikia saa tatu mwanga ulishakuwa mkali, tukafungasha. Mwenzangu alizipitia picha zote, akachagua ya jike, wala hakusita. Tulibishana njia nzima. Mimi bado namtetea dume wangu.