Asilimia mia, na povu kichwani

Jana asubuhi niko nje nagonga tangi kwa kidole kama kawaida yangu, ngo ngo ngo, nashuka nalo taratibu mpaka mlio ubadilike, mara mdogo wa mwisho akanijia na swali: "Baba, mbona unagonga na mita ipo jikoni?" Nikacheka tu. Jibu lenyewe lina aibu ndani yake.

Si mnajua ule ugonjwa wangu wa kufunga vidude kila kona. Basi ile mita ndo ilikuwa fahari yangu, sensa juu kwenye kifuniko cha tangi (kidude cha kupima maji yamefika wapi, sio ile ya kuhesabu watu jamani), waya unashuka hadi kwenye kiskrini cha jikoni, na pampu imeunganishwa humohumo, maji yakishuka chini ya asilimia 30 inawaka, yakifika 95 inazima. Nikawa natembea kifua mbele. Mpaka siku hiyo niko bafuni, povu kichwani, macho nimefumba, maji yakakata. Nikapaza sauti, mama watoto hebu angalia hiyo mita inasemaje! Kimya kidogo. "Inasema mia."

Nikapima adapta, volti 12 safi. Nikapanda, nikafungua kifuniko nikakibwaga pembeni, nikapima mwisho wa waya, 11.8, hamna shida. Kurudi jikoni nakuta inasoma vizuri! Nikasema basi waya ulilegea. Kesho yake asubuhi, mia. Nikabadilisha skrini, nikapanda tena kukaza kaza, ikapona. Kesho yake, mia. Nikanunua sensa mpya, ikasoma vizuri, nikajisifu mpaka usiku, pampu nimeizima isinichanganye vipimo. Asubuhi? Mia. Yaani kila nikiigusa inapona, na mimi kila mara nampa sifa mgonjwa niliyemtibu mwisho.

Safari hiyo sikufungua kwa hasira. Nilikiinua kifuniko kiasi cha shubiri moja, tochi nimeibana kwa meno, nikachungulia kwa chini. Joto la unyevu likanipiga usoni. Kifuniko chote kimetoka jasho, vipunje vidogo vidogo vya maji, na katikati, kwenye ule uso mweusi wa sensa, linaning'inia tone moja. Nene. Mwanga wa tochi umo ndani yake, nikipumua linatetemeka, ila halidondoki. Chini kabisa huko giza, maji hata hayaonekani. Nikatoa tochi mdomoni, nikapiga kelele, "inasomaje?" "Mia." Nikalifuta kwa ncha ya kidole. "Na sasa?" Akachelewa kujibu mpaka nikadhani ameondoka.

"Kumi na moja."

Kumbe hiyo sensa nayo inagonga tu kama mimi. Inatoa mlio ambao masikio yetu hayausikii, kilohezi 40, halafu inangoja mwangwi urudi kutoka kwenye maji, inapiga hesabu ya muda. Sauti hewani inakimbia kama mita 343 kwa sekunde kukiwa na nyuzi 20, kwa hiyo maji yakiwa mita moja chini, kwenda na kurudi ni karibu milisekunde 6. Sasa tone likiwa limekaa kwenye uso wa sensa, mlio unanaswa palepale, na yangu ikinaswa hivyo inaamua tangi limejaa. Ingekuwa na adabu ingeandika kwamba haisikii. Zile safari zote za kubwaga kifuniko pembeni, nilikuwa nalidondosha tone bila kujua.

Nikatoboa vitundu vya hewa karibu na kifuniko, ikasaidia kiasi. Usiku ukiwa wa baridi jasho linarudi vilevile, jua likichomoza linakauka. Pampu siku hizi inaamuliwa na boya la kawaida lisilojua hesabu yoyote, mita nimeiacha hapo jikoni kwa sababu, sijui, nimeizoea.

Haya yote ningemwambia mtoto wa miaka sita saa ngapi. Nikamwinua, akagonga mwenyewe, sikio kaliegemeza kwenye plastiki, akafika kama katikati akasimama. "Hapa!" Akakimbia jikoni kuhakikisha, akarudi amekunja uso.

"Baba, imeandika mia."

"Subiri saa nne," nikamwambia.