Injini inagonga? Yangu ilikuwa nzima

Ko-ko-ko ilianza kwenye foleni ya Buguruni, gari limesimama, gia ikiwa D. Nikikanyaga mafuta kidogo inapotea, nikiachia inarudi. Fundi aliinamisha sikio juu ya injini, akatoa hukumu palepale: "Kaka, bearingi za konrodi zimekwisha. Katafute injini ya mtumba Ilala, usipoteze hela kuifungua hii."

Mlio wenyewe kweli ulikuwa wa kutisha. Ila konrodi, yaani mkono unaounganisha pistoni na mhimili wa kranki, ikilegea, kelele huzidi gari linapobeba mzigo, kwa mfano ukipanda mlima. Yangu ilifanya kinyume, ndiyo maana sikukimbilia Ilala.

Nikaanza na oili. Kiwango kilikuwa sawa kwenye stiki. Nikaimwaga kwenye beseni kupitia kitambaa cheupe, nikakitandaza juani: hakuna vumbi la chuma linalometameta wala chembe za rangi ya shaba. Bearingi ikisagika, humo ndimo inamojitangaza. Nikatia oili mpya, nikavua mkanda wa feni na kuwasha kwa muda mfupi tu, maana mkanda huohuo ndio unaozungusha pampu ya maji. Mlio uleule. Basi si altaneta, si pampu, si kompresa ya AC.

Kisha silinda moja moja: chomoa waya wa koili (inayotoa cheche) na wa injekta (inayopuliza petroli), sikiliza, rudisha. Injekta usiisahau, petroli isiyoungua ikifika kwenye egzosi inaua katalisti, kile kichujio cha moshi. Silinda yenye konrodi mbovu ukiizima, kelele hupungua. Hapa hakuna iliyobadilisha chochote.

Nikachukua bisibisi ndefu, mpini sikioni, ncha kwenye chuma. Kwenye kifuniko cha vali, mlio hafifu. Kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, wastani. Kwenye ganda linalounganisha injini na gia boksi, nusura niitupe bisibisi.

Chini ya ganda hilo kuna kifuniko kidogo cha bati. Nikatoa waya wa betri, nikakifungua na kumulika tochi, mdogo wangu akizungusha puli ya kranki kwa spana. Bolti za kufunga toki konvata (chombo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gia boksi ya otomatiki) kwenye sahani ya flaiwili inayozunguka nyuma ya injini zikapita mbele yangu moja moja. Ya kwanza imebana. Ya pili nikaizungusha kwa vidole. Ya tatu hakuna, tundu tupu lenye kingo zinazong'aa kwa kusuguliwa; bolti yenyewe niliikuta imelala ndani ya ganda, meno yamelika. Gia boksi iliwahi kushushwa kubadilishwa sili, na aliyeirudisha hakuzikaza bolti sawasawa, ndiyo hivyo tena.

Kutafuta bolti kulinichosha kuliko kazi nzima. Muuzaji anakupa yoyote inayoingia, kumbe ikizidi urefu inaweza kuharibu konvata kwa ndani. Nilizunguka na ya zamani mkononi nikilinganisha urefu na meno. Sahani haikuwa na ufa, hivyo nikazifunga zote kwa gundi ya nati na spana ya kupimia nguvu. Bei ya bolti haikufika hata ya lita moja ya ile oili niliyomwaga.